Msiseme Hamjui

Sogeeni, wanangu. Russell, kaa huku upande wa dirisha nikuone uso, na wewe Corinne vuta kile kiti cha baba yako, na muuguzi atupishe kidogo akanywe kahawa yake jikoni, maana maneno ya ukoo hayasemwi mbele ya mtu anayelipwa kwa saa. Mimi Winifred, mjane wa Everett Osgood, nasema haya nikiwa na akili zangu timamu, ingawa mwili umeshaanza kuaga, miguu kwanza, na daktari aliponipima kifua jana hakuthubutu kunitazama machoni. Basi sikilizeni wanangu, wala msinikatize, kwa kuwa pumzi niliyobakiwa nayo inatosha kusema mara moja tu.

Nianze na madogo. Corinne, chukua mkufu wa lulu wa bibi yako, nao uuvae hata sokoni, usiufungie kwenye droo ukingoja harusi ya wakubwa. Russell, saa ya baba yako ni yako, pamoja na koti lake la mvua ambalo najua umekuwa ukilitamani tangu ukiwa mdogo hata ulikuwa ukilala nalo. Piano mpeni yeyote atakayekubali kuibeba. Boti hatukuwahi kuwa nayo, kwa hiyo hamtagombania boti, na katika mji huu wa Pennock kutokuwa na boti ni aibu ambayo baba yenu na mimi tuliibeba kwa raha mustarehe, tukiacha bahari ya juu kwa wenye chama chao cha boti na sisi tukibaki na ile inayokuja yenyewe mlangoni. Adelaide Pell wa nyumba ya pili atakuja mazikoni. Mwacheni aje, lakini akae nyuma, na sababu yake nitawaambia.

Sasa nije kwenye nyumba, kwa kuwa najua ndiyo iliyowaleta wote wawili kwa pamoja, jambo ambalo hata Krismasi ilishindwa kulifanya.

Tulikuja hapa kutoka New York nikiwa na mimba yako, Corinne, tukiwa tumechoka kuishi chumba kimoja juu ya duka la dobi, na baba yako alikuwa ameambiwa na watu wa ofisini kwake kwamba mtu mwenye familia sharti aishi kwenye pwani hii ya Connecticut, penye shule nzuri na treni ya kumfikisha mjini kabla kahawa haijapoa. Tulionyeshwa nyumba hii siku ya Jumapili. Mwenyewe alikuwa amefariki, bibi mmoja wa ukoo wa Haskell, na waliokuwa wakiuza ni wapwa zake wawili, wanaume wenye kofia nzuri, wapole kupita kiasi. Nikawauliza chumba cha chini ya nyumba kikoje. Mmoja akanijibu, "Hatujui, dada, sisi tunakaa Ohio, nyumba ilikuwa ya shangazi." Mwenzake akatazama viatu vyake. Kuta za chini zilikuwa na rangi mbichi, nyeupe pe, na mimi nikaipenda ile harufu kwa sababu mwenye mimba hupenda kila kitu kipya.

Baba yenu, Mungu amrehemu, aliishi kwenye treni. Kila asubuhi alisimama pale pale stesheni na wanaume wale wale, miaka na miaka, wakijuana kwa makoti na wasijuane kwa majina, na akirudi ni giza, anakula, analala. Nyumba hii aliimiliki yeye, lakini aliyeishi nayo ni mimi. Ni mimi niliyeshuka ngazi asubuhi moja ya msimu wa majani kupukutika, maji makuu ya bamvua yakiwa yamekutana na upepo wa mashariki, nikakuta viatu vyenu vinaelea. Na maji yalipopungua, ile rangi nyeupe ilibanduka ukutani vipande vipande, na chini yake kulikuwa na mistari ya matope, mmoja juu ya mwingine, ya maji ya zamani ambayo watu wa Ohio hawakuyajua.

Nililia, sikatai. Kisha nikaburuta zulia nje, nikaliweka kwenye uzio wa mbele penye jua. Hapo ndipo Adelaide Pell alipokuja na keki mkononi, mara yake ya kwanza na ya mwisho kunitembelea, akaniambia kwa sauti ya chini, "Winnie mpenzi, hapa mtaani kwetu zulia tunaanika nyuma." Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Jumapili wageni wanapita kutazama nyumba." Nikaelewa. Ninyi mlikulia hapa mkadhani ni adabu tu ya watu wa pwani, kumbe mtaa mzima, wanasheria na madaktari na mchungaji, kila mmoja alikuwa amefunga kinywa cha mwenzake, maana bei ya nyumba yako ilining'inia kwenye ulimi wa jirani. Nami nikalihamisha zulia nyuma. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanangu, na mshindo wake ulitufikia.

Russell, najua hupendi nilitaje hili, lakini leo si siku yako. Ulikuwa na miaka kumi na minne, umeshang'ang'ania upewe chumba cha chini upige ngoma zako bila dada yako kukuzomea, na baba yako akakitengeneza kwa mikono yake, mbao ukutani, taa, kitanda chini ya kile kidirisha kidogo. Kimbunga kikaja. Uliamka maji yakiwa kwenye godoro, na mlango ulikuwa umevimba haufunguki. Ulipiga kelele hata mimi juu nikasahau jina lako, nikawa naita tu, mtoto, mtoto. Baba yako aliuvunja ule mlango kwa bega, akakutoa, kisha akashuka tena kuzima tanuri la kupashia joto, akakaa mle ndani, maji ya bahari na ya vyoo vya mtaa mzima yakimfika kifuani, na siku zilizofuata akawa anashuka na kupanda na ndoo kwa sababu hatukutaka watu waone gari la wapiga pampu mlangoni. Kifua kikamshika. Alikohoa msimu wote wa theluji, na kabla ya Pasaka tukamzika. Kwenye tangazo la msiba tuliandika kwamba aliugua kwa muda mfupi. Mtaa mzima ulikuja, na hakuna hata mmoja aliyetamka neno maji.

Sasa niwaambie kwa nini nimewaita. Jana baada ya chakula mlidhani nimelala. Sikulala. Nilikuwa nimefumba macho tu, maana kope zimekuwa nzito, na yule dalali mwenye viatu vya kugonga alikuwa pale mlangoni na wewe Russell. Akakwambia, "Bibi akiuza mwenyewe, sheria inamtaka ajibu maswali yote, likiwemo la maji. Warithi hawaulizwi. Warithi hawaishi hapa, hawajui." Nawe ukamjibu, mwanangu niliyekuzaa, ukasema, "Basi tusubiri. Haitachukua muda." Na wewe Corinne ulikuwepo, ukatazama viatu vyako.

Hilo la kusubiri nife halikuniuma sana. Mzee kusubiriwa ni kawaida, hata mimi nilimsubiri mama yangu, na kiti hiki ulichokalia, Corinne, kilikuwa chake kabla ya baba yako kukinyakua. Najua kazi yako imekwisha, Russell, najua watoto wako wako chuoni, na sina kinyongo na mtu anayetaka kupumua. Kilichoniuma ni lile neno. Wewe, uliyeamka godoro likielea, wewe ndiye utakayesimama mbele ya watu useme hujui?

Maana mimi nimewaona hao watu. Yule binti Yesenia na mumewe walikuja Jumamosi kuitazama nyumba, na mtoto wao, na ninyi mlikuwa uani. Aliomba radhi kuingia chumbani kwa mgonjwa, akaketi hapa hapa kitandani, akanishika mkono bila kinyaa. Akaniambia wanaishi watu watatu kwenye chumba kimoja, na mumewe ameshaanza kuzijua saa za treni kwa moyo. Halafu akasema, "Bibi, kile chumba cha chini tumekipenda, kitamfaa mtoto, tutakipaka rangi ya samawati. Kukoje kule chini?" Nikafungua kinywa, na yule dalali akaniwahi. "Bibi amechoka," akasema, akamtoa kwa upole. Mtoto alinipungia mkono kutoka mlangoni. Tangu siku hiyo sijala kitu kikashuka.

Ningeweza kumtuma muuguzi amwambie. Nimeliwaza hilo sana. Lakini nikimwambia mimi nitakuwa nimemwokoa mtoto wa watu na kuwapoteza wangu, kwa sababu mtabaki vile vile mlivyo, mkitazama viatu. Kwa hiyo sikilizeni vizuri, na wewe Corinne usilie kwanza. Maji huingia kwenye kona ya kaskazini, chini ya ngazi, kabla hayajaonekana barabarani. Bamvua ikikutana na upepo wa mashariki, ondokeni. Bomba la maji machafu hurudisha nyuma. Mlango wa chini huvimba ukakwama, ule mpya kama ule wa zamani. Nyuma ya mbao za baba yenu kuna ukungu mweusi, na mistari ya matope iko pale pale, yetu juu ya ya Haskell. Baba yenu aliuawa na chumba kile. Nimesema, na mmesikia, wote wawili, mchana kweupe. Ile kinga aliyowaahidi dalali nimewavua, na siwezi kuwarudishia hata mkinililia. Kuanzia leo ninyi ni watu mnaojua.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi kimetuumbua vya kutosha. Uzeni nyumba, sijawakataza, na kama Yesenia ataitaka bado kwa bei ya ukweli basi apewe yeye, na kama hataitaka mwacheni aende zake na mtoto wake. Mtapata kidogo. Mtagawana sawa kwa sawa, na asiwepo wa kumwambia mwenzake kwamba mama alikupenda wewe zaidi, ingawa kila mmoja wenu anaamini hivyo kuhusu mwenzake. Adelaide atawanunia, na majirani hawatawasalimu, kwa sababu bei zao zitaanguka pamoja na yenu. Heri lawama kuliko fedheha. Mimi nizikeni kilimani kando ya Everett. Ni mahali pakavu, niliuliza.

Nipe maji kidogo, Corinne. Si mengi. Hayo yanatosha.

Toa simu yako, Russell. Namba ya yule binti iko pale mezani, aliniachia mwenyewe. Usiniambie "kesho, mama," nimekusikia, na kesho ndiyo hasa unayoingojea. Leo bado nipo. Leo swali bado ni langu, na nataka ulijibu wewe.

Mungu awape kifua kipana na usingizi mwepesi. Awape watoto watakaowaambia kweli hata ikiwauma. Corinne, mshike kaka yako bega, anatetemeka, alikuwa hivi hivi usiku ule. Nawabariki wote wawili. Nilitaka kusema na jambo jingine... limepita. Si kitu.

Inaita?

Msalimie kwanza. Taja jina lako lote, asidhani ni dalali. Kisha mwambie ulilala wapi ulipokuwa mtoto. Anza hapo. Usiharakishe, mwanangu... mwache aulize yote.