Mazoezi ya Kukanyaga Breki

Nilipanda basi nipate usingizi, lakini kiti cha mbele mzee mmoja alikuwa akimlalamikia dada mwenye ovaroli ya ufundi, ambaye hata hakumjua. "Gari langu la porini, binti, breki ngumu kama jiwe! Nimebadilisha pedi, nimebadilisha mafuta ya breki, wapi!" Fundi akauliza kama kuna kitu kingine kilichobadilishwa. "Tairi kubwa tu. Na injini, nimetoa ya petroli nikaweka ya dizeli." Tu!

"Na pampu ya kuvuta hewa mlifunga?"

"Ya kazi gani?"

Dada akashusha pumzi. "Baba, busta ya breki, ile inayousaidia mguu kukanyaga, inategemea mvuto wa hewa. Injini ya petroli inauleta yenyewe, ya dizeli mpaka pampu. Bila hiyo unasukuma kwa nguvu zako mwenyewe!"

"Fundi wangu alisema nifanye mazoezi ya miguu."

"Ukafanya?"

"Mwezi wa pili huu."

Usingizi ukaniruka. "Sasa gari liko wapi?" dada akafoka.

"Kalichukua mama watoto, anashuka nalo mlimani." Mzee akautazama mguu wake wa kulia. "Yeye mazoezi hajaanza."

Basi likasimama kituoni, laini kabisa. Mzee alikuwa wa kwanza kushuka, simu sikioni.