Epo la Mahona Haliamki

Kijiwe chetu hapa Bariadi kiko kwa Mahona, fundi baiskeli, na pembeni ya benchi kumesimama fimbo. Yeye anasema ni mti wa epo, yaani mtufaha. Alipewa na binti yake Nancy, aliyeolewa Njombe. Ulifika na majani, yakapukutika, vikabaki vichipukizi vilivyojifunga. Mkewe, Milembe, ameapa: usipochanua leo, anaung'oa apande mpapai. Mimi nilifuata kahawa tu, ila hapa kila mtu bwana shamba.

— Haujafa, umelala, alisema Josia, tunayemwita Maabara kwa video anazotazama. Ndani ya kichipukizi, seli zimezibiana vijilango. Hakipiti kitu. Mpaka kipigwe na baridi ya kutosha, ndipo milango inafunguka.

— Kwa hiyo zimenuniana? aliuliza Mahona.

— Zinajikinga!

Masunga, mleta sato kutoka Nyashimo, jina lake la kijiweni Friji, akadakia:

— Barafu si ipo! Juzi nimemwaga sanduku zima hapo shinani. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kumbe ndiyo maana mti unanuka samaki! nikasema. Utazaa sato huo.

— Friji, umeupoza miguu! alisema Maabara. Baridi inatakiwa juu, kwenye vichipukizi.

— Basi tuuvishe mifuko ya barafu, kama kofia, akajibu Friji. Mchana Mahona aupepee.

— Mimi naona una upweke, alisema Mahona. Nancy apige simu, auongeleshe Kibena, lugha ya huko Njombe. Damu nzito kuliko maji.

Hapo akatokea Milembe, jembe begani.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimelileta.

Mahona akaukumbatia mti.

— Mama Nancy, alinipa kwa mkono wake mwanangu!

— Mimi alinipa khanga. Mbona haijafa?

Dada mmoja alikuwa anasubiri baiskeli yake izibwe pancha. Tulishamsahau.

— Mwangaluka, wazee, akatusalimu Kisukuma. Nani amekwangua gome akaona kama ndani kumekauka?

Maabara akatazama simu, Friji akatazama kikombe. Milembe akatua jembe, akakwangua kwa ukucha. Kijani kibichi, kama kisamvu!

Mahona akapiga kigelegele, mwanaume mzima. Milembe akacheka mpaka akakaa kwenye benchi letu.

— Haya, ulale. Mpapai nitaupanda uani. Nimiminieni kahawa.

Mahona akainamisha birika. Halikutoa hata tone. Hilo hatukuhitaji kulikwangua kujua limekauka.