Shule Inapogeukia Ukuta

Foleni ya maji pale Mashimoni ilikuwa haisongi, na mama aliyekuwa mbele yangu hakuwa ameulizwa na mtu. "Shule yetu ina kompyuta," alimwambia fundi wa mbao aliyesimama karibu naye, mtu asiyemjua hata jina. "Ilikuja na mkokoteni. Mwalimu Lenah alijifunza kwanza mwenyewe, kila Jumamosi kule Kawangware, ndio akaanza kutufunzia watoto."

"Kompyuta ngapi?"

"Moja. Lakini mtoto akiandika neno lake la siri la kuifungua, darasa nzima inageukia ukuta. Mwalimu pia!"

Fundi akacheka. "Mama, hapa jirani akikohoa ni mimi naamka. Siri gani?"

"Ndio maana wafunzwe. Mitchelle wangu siku hizi hata nikibadilisha nguo anageuka bila kuambiwa."

"Hayo ni maringo ya matajiri wa Lavington."

Zamu ya mama ikafika. Akaingiza mkono kifuani kutoa shilingi ya maji. Fundi akageukia ukuta wa mabati, bila kuambiwa, akaendelea kubishana naye akiwa huko huko.