Barua ya Jeshi

Mwaka ule wa Azimio, basi lilikuwa limeshaiacha Muleba pale Klaudia alipotoa barua ya jeshi kuhusu mwanawe. Alitaka kujua kama anarudi, maana jioni hiyo wazee wa ukoo wangempa mtu mwingine kibanja cha migomba cha kijana huyo kama harudi.

"Discharged," akasoma katekista Rugemalira, aliyeketi kando yake. "Karuhusiwa kutoka hospitali, mama."

"Hospitali gani, mwalimu?" Zahoro, askari wa zamani kwenye kiti cha nyuma, akacheka. "Kaachishwa jeshi. Hata bunduki ikifyatuka ni neno hilohilo."

"Kiingereza chako cha kwata!"

"Chako cha sakristia!"

Walipofika Izigo, Klaudia akaikunja barua. "Asanteni, baba zangu. Wote mmesema anakuja."

Akashuka. Wao walibishana mpaka Bukoba. Jioni hiyo wazee walimsikiliza Klaudia, na kibanja hakikuguswa. Mwana alirudi Pasaka, akichechemea, bila sare, akapalilia migomba yake.