Vilele Vitano kwa Siku Moja

Benchi la kijiweni, ubavuni mwa duka la kinyozi, limeelekea milima, na Nyundo, seremala, ndiye mwenye milima hiyo. Watu walimkubalia hivyo kwa sababu ujanani alifika kilele cha kwanza, au ndivyo alivyowaambia. Kusema kweli aliishia pale msitu unapokwisha, pumzi zikamkatika, akageuza. Hata hivyo hadithi ilimpa kikombe cha kwanza kila asubuhi, na heshima ikikaa sana mtu huiona haki yake. Sasa jana Kimya, fundi cherehani, mtu asiye na makuu, kavuka vilele vyote vitano kati ya alfajiri na magharibi. Leo mtaa mzima unamtaja yeye tu, na wivu umemkaba Nyundo hata kahawa haipiti.

— Picha zipo, alisema kinyozi, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Kasimama kila kilele, mikono juu.

— Picha ni picha, Nyundo akajibu. Alijipiga zote tano kwenye kile kilima cha nyuma ya shule.

— Na jasho lile? aliuliza Shangazi, muuza kahawa. Shati limeganda chumvi.

— Maji ya chumvi hata jikoni yapo.

Redio, apendaye ubishi kuliko ukweli, akahamia upande wa Nyundo.

— Tena wahenga walisema milima haikutani. Sasa huyu alivukaje kutoka mmoja kwenda wa pili?

— Umeona? Na mwenda pole hajikwai. Mbona Kimya anachechemea?

— Labda alipanda pikipiki.

— Pikipiki kwenye mawe? Alibebwa huyo. Wenzake walimpokezana mgongoni. Ana uzito gani yule? Uzi mtupu.

— Au milima yenyewe imepungua, Redio akasema. Mvua zinaila kila mwaka. Enzi zako, Nyundo, ilikuwa mirefu.

— Mirefu sana. Ya sasa ni vichuguu.

Hapo kahawa ikapita kidogo. Shangazi akacheka.

— Wivu huo, baba. Mwenzio kapanda mlima, wewe umepandwa na presha.

— Nimwonee wivu mimi? Mtu wa sindano?

Lakini alikuwa nao, tena ule mbaya, wa kutamani mwenzako angeteleza. Ndipo Kimya akatokea, anavuta mguu, akajishusha kwenye benchi polepole mpaka akakaa kando ya Nyundo.

— Shikamoo, Kaka Nyundo. Nimekuja kwako hasa.

— Marahaba. Kuna nini?

— Vile vinne niliona kila kitu. Kile cha kwanza, chako, kilifunikwa na ukungu, sikuona hata hatua tano mbele. Nikajisemea si neno, Kaka yupo. Ukisimama pale juu, ng'ambo kuna nini?

Redio alimgeukia Nyundo. Shangazi akaweka birika chini. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza. Nyundo akautazama mlima, upande huu ambao hata mtoto wa mtaani anaujua.

— Kwani wewe, alisema mwishowe, hukungoja ukungu upungue?

— Ningechelewa vile vingine. Nieleze tu, Kaka.

Kimya akasogea karibu ili asikie vizuri.