Siku Pembe Ilipolia Bure

Wazee wangu, shikamooni. Wapendwa wengine, nawasalimu kwa jina lake Yeye aliyenirudishia mdomo. Mchungaji amenipa dakika kumi, nami nimemwomba aniongezee kidogo, maana mdomo huu wa chini bado una ganzi upande mmoja na maneno mengine yanataka kubembelezwa kabla ya kutoka. Nikirusha mate, mlioko benchi la mbele mnisamehe.

Sitamtaja mtu kwa jina. Najua hapa Chome tunajuana mpaka mbuzi, kwa hiyo nikisema "shemeji" naomba msigeuke kumtazama. Mnaona sasa? Mmegeuka. Nitazameni mimi.

Nilipokuwa darasa la tatu nilianguka gengeni nikikatia ng'ombe majani, taya likavunjika. Wakati ule kufika hospitali ilikuwa safari. Nikafungwa kitambaa, mfupa ukaunga ulivyotaka wenyewe, nikakua na kidevu kinachoelekea kushoto na meno ya juu yasiyokutana na ya chini. Shuleni niliitwa majina, mengine na ninyi mlioketi hapa. Lakini taya lile lilinipa kitu kimoja. Pembe yetu ya tandala, ile ya kuitia msaragambo, kazi yetu ya pamoja, ina tundu ubavuni, na mdomo wangu uliopinda ulikaa pale vizuri kuliko mdomo wa mtu yeyote. Babu yangu alipochoka, wazee wakanikabidhi mimi. Mlio mrefu mmoja: leteni majembe, tunasafisha ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji, na mfereji, maji yafike mashambani. Milio mifupi mifupi: moto, leteni ndoo. Miaka yote ile mlipotoka majumbani mlitoka kwa pumzi yangu, nami nililipenda jambo hilo kuliko ilivyofaa.

Kisha taya likaanza kukwama. Nikipiga miayo halirudi. Kichwa kinauma kuanzia sikioni, na kula ni kazi ya saa nzima. Nikateremka Same, Same wakanipeleka Moshi, na huko daktari akanionyesha picha ya mifupa yangu. Akasema watalikata taya pande zote mbili, walirudishe mahali pake, walifunge kwa vyuma vidogo na skrubu. Ndugu zangu, mtu mzima anaambiwa atakatwa taya, na swali alilokuwa nalo ni moja tu: "Nitapuliza pembe?" Daktari akacheka, akaona mimi sicheki. Akasema, "Utapuliza, siku nitakayokuambia mimi. Kabla ya hapo usipulize kitu chochote, hata moto wa jikoni."

Sasa nawaambia jambo ambalo hata mke wangu analisikia leo kwa mara ya kwanza. Kabla sijaondoka, kamati ya maji iliniuliza nani anishikie pembe. Palikuwa na vijana wawili wazuri kabisa. Nikawaruka. Nikamchagua shemeji, mume wa dada yangu, mtu wa Msangeni aliyekuja kuishi kwetu. Mlisifu sana. Mlisema nimeonyesha upendo kwa mtu wa kuja. Wapendwa, nilikuwa nimemjaribu uani kwangu siku moja kabla. Alipuliza mashavu yakavimba, ikatoka sauti ya ndama mgonjwa. Nikajisemea, huyu ndiye. Msikie hiyo kila Jumamosi ya msaragambo, mnikumbuke.

Nikaenda, nikakatwa, nikarudi. Mke wangu alinishika kidevu kwa kitambaa njia yote kutoka Same, maana barabara yetu mnaijua, na kila shimo lilikuwa linapita ndani ya taya langu. Meno yalifungwa pamoja kwa mipira midogo kwa wiki sita. Nililishwa kwa bomba la sindano lililotolewa sindano: uji uliochujwa, supu iliyochujwa, maziwa. Suruali zikaanza kuning'inia. Kuongea nilikuwa naongea kwa kalamu, ndani ya daftari dogo la mfukoni.

Njaa niliivumilia. Kilichonishinda ni midomo ya watu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuona wivu kwa sababu ya mwenzake kutafuna. Mwanangu akiguguna muhindi, nilikuwa natoka nje. Mke wangu alipika makande, akayasaga kwenye blenda, akanichujia kwa upendo, na mimi nikawa namtazama yeye akitafuna yake punje kwa punje na kumchukia kidogo. Watu walikuja kunipa pole, wakakaa, wakacheka na meno yao yote. Nikaandika kwenye daftari, "Nimechoka, nataka kulala," saa nne asubuhi.

Na Jumamosi ikafika. Nimekaa kibarazani na bomba langu la uji, nasubiri ndama alie. Ikatoka sauti ndefu, safi, ikapita juu ya migomba ikaenda mpaka ng'ambo ya bonde. Kumbe shemeji alikuwa amejifunza. Kila jioni alishuka korongoni kufanya mazoezi ili asiniaibishe. Hayo ndiyo maneno yake, asiniaibishe! Nikaona watu wanatoka na majembe, wanatembea haraka kuliko walivyokuwa wakitembea kwangu. Labda si kweli. Mimi niliona hivyo.

Wiki ikapita, na nyingine. Mipira ikafunguliwa, nikapewa mazoezi ya kufungua mdomo. Kidole kimoja tu ndicho kilichoingia kati ya meno. Daktari alitaka vitatu. Badala ya kuhangaikia vidole vyangu, nikawa nahesabu sifa za shemeji. Asubuhi moja mke wangu, bila ubaya wowote, akasema huku akifagia, "Leo pembe imelia vizuri kuliko siku zote."

Kuliko siku zote. Na siku zote nilikuwa mimi.

Siku ya tatu yake, Jumanne, nilijua dada yangu yuko sokoni na mumewe yuko kwenye maharage. Nikaingia nyumbani kwao, nikaitoa pembe ukutani, nikapanda nayo juu upande wa msitu wa Shengena. Nia yangu ilikuwa kujaribu kidogo tu, nikielekeza mlimani ili bonde lisisikie. Nilitaka kujua kama bado ni yangu.

Nikaiweka mdomoni, na sikuisikia. Midomo ina ganzi, na taya limenyooka. Lile tundu lililokuwa linanijua halinijui tena. Mara ya kwanza yakatoka mate. Mara ya pili hewa. Mara ya tatu nikamfikiria shemeji nikavuta pumzi yangu yote, na ikalia, wapendwa. Ikaanza ndefu, katikati midomo ikanikimbia, ikakatikakatika, ikawa ndefu tena. Kitu kikachanika ndani ya shavu na mdomo ukajaa damu. Na upepo siku ile ulikuwa unashuka kutoka msituni.

Mnakumbuka wenyewe mlivyokuja. Nusu yenu mna majembe, nusu mna ndoo za maji, maana hakuna aliyeelewa kama ni kazi au ni moto. Mama mmoja alikuja na unga wa ugali mikononi. Mzee wetu mmoja mwenye pumu alipanda kile kilima kwa fimbo, akafika akiwa hawezi kusema, akakaa chini akishika kifua. Nilimtazama nikadhani nimemuua. Mimi nimesimama pale na pembe mkononi, shati limejaa damu. Mke wangu akapiga kelele, "Wewe! Daktari alikuambiaje?" Mwenyekiti wa mfereji akauliza, "Kuna nini? Moto uko wapi?"

Sikuweza kuongea. Nikatoa daftari, nikaandika: "Hakuna moto. Hakuna kazi. Ni wivu tu." Nikararua ule ukurasa nikamnyooshea mtu aliyekuwa karibu, macho yangu yako chini. Mkono ulioupokea ulikuwa wa shemeji.

Akasoma. Nadhani alisoma mara mbili. Akaitazama pembe yake mkononi mwangu, akanitazama mimi, akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Akawageukia akasema, "Anasema alipita huku akaona tope limeziba mfereji pale juu. Maji yangepasua ukingo. Mimi sikuwa karibu, ndiyo maana akajaribu kutuita mwenyewe."

Mkasema, "Jamani!" Mkaingia mferejini. Na mfereji gani wa kwetu hauna tope? Mlichimba mpaka adhuhuri, na mlio na ndoo mlizolea udongo. Shemeji hakuchimba. Alinipakia kwenye pikipiki yake, akaniteremsha Same akiendesha polepole, na kila kwenye shimo anauliza, "Uko sawa, shemeji?" Moshi wakakuta vyuma vimesalimika, lakini kidonda cha ndani kimefunguka na maungio yamevimba. Nikafungwa mipira tena wiki tatu. Daktari hakunigombeza. Aliuliza tu kama nilipuliza moto wa jikoni. Nikaitikia kwa kichwa.

Niliporudi, Jumapili yake, hapa hapa kanisani, likasomwa tangazo la kunishukuru. Kwamba mgonjwa aliyekatwa taya bado ana uchungu na mfereji wa watu wote. Mlipiga makofi. Mke wangu alilia. Nami nikainuka, nikainamisha kichwa, nikayapokea. Yule mwenye kuujua ukweli alikuwa benchi la nne, na alipiga makofi pamoja nanyi.

Mngedhani hapo nilipona. Hapana. Nilimwonea wivu hata kwa wema wake. Nilisema moyoni, ameniwahi hapa pia. Mipira ilipofunguliwa mara ya pili alikuwa anakuja kila asubuhi kabla ya shamba, na vijiti bapa vya mbao, vile daktari anavyokandamizia ulimi. Kazi ilikuwa kuvipanga kati ya meno, kila baada ya siku kadhaa kuongeza kimoja. Mate yanatiririka, machozi yananitoka, yeye amekaa kwenye kigoda anahesabu kwa saa ya simu yake. "Bado kidogo, shemeji. Bado kidogo." Nilitaka kumng'ata, ila mdomo haukufunguka vya kutosha. Cheka, mama, ni kweli kabisa.

Asubuhi moja nikamuuliza, maneno yakitoka nusu nusu, "Ile karatasi uliifanya nini?"

Akasema, "Niliichoma jikoni."

"Kwa nini hukuwaambia?"

Akavipanga vile vijiti vyake akavifunga kwa mpira. Akasema, "Shemeji, mimi miaka kumi na moja hapa naitwa wa Msangeni. Mnapokaa mkacheka mambo yenu ya utotoni, mimi nakaa pembeni nacheka tu. Unadhani wivu siujui?"

Mtu niliyemhusudu kwa kupewa changu alikuwa ananihusudu mimi kwa kuwa wa hapa, na yeye kwa wivu wake hakuwabebesha watu ndoo akawapandisha kilimani. Aliubeba mwenyewe, akaenda nao shambani, akarudi. Tangu siku hiyo nilianza kufanya mazoezi yangu bila kumhesabia mtu. Kidole cha pili kikaingia. Mwezi uliofuata kikaingia cha tatu, kwa kubana. Nikala makande mazima, nikatafuna pande zote mbili, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu darasa la tatu. Nilikula bakuli moja kwa saa nzima na sikuwatazama wengine wanakulaje.

Kwa hiyo nashukuru. Namshukuru daktari na manesi wa kule, ambao hawapo hapa lakini Mungu anawajua. Namshukuru mke wangu, aliyenichujia uji na kunivumilia macho yangu. Nawashukuru ninyi kwa maombi, na kwa maziwa, hasa maziwa. Na kwa aliye na mwenzake anayemkera kwa kufanya vizuri, somo langu ni dogo: mwambie mtu mmoja mapema, ukiwa bado unaweza kusema. Mimi nilingoja mpaka nikawa na damu mdomoni na kalamu mkononi.

Lakini sikusimama kwa ajili ya shukrani tu. Wiki iliyopita kamati ya maji ilipitisha kwamba kwa kuwa nimepona, na kwa kuwa niliujali mfereji siku ile nikiwa mgonjwa, pembe irudi kwangu msimu huu. Daktari ameniruhusu. Nimejaribu, kwa ruhusa ya mwenye nayo, na inalia. Si kama zamani, ila inalia. Na nimeitaka, Mungu wangu anajua nilivyoitaka. Jana usingizi uliniruka kwa sababu ya kuitaka.

Ndugu zangu, siku ile hakuna tope nililoliona. Mlikimbilia kilimani kwa ajili ya wivu wangu. Mzee wangu mwenye pumu, nakuomba msamaha mbele ya watu hawa. Mama uliyeacha ugali, nisamehe. Shemeji alidanganya mara moja, akanidanganyia mimi, na mimi nimeishi ndani ya uongo huo na kupigiwa makofi humu. Pembe ibaki kwake. Hakuna aliyenilazimisha, namwachia mimi mwenyewe, na bado inaniuma ninavyosema hivi, mnaisikia sauti yangu.

Msimu huu nikisikia mlio mrefu nitakuja na jembe nianze na kipande kirefu kuliko vyote. Na kila aliyepoteza asubuhi yake Jumanne ile, aje anichukue siku anayotaka, nikamlimie asubuhi nzima. Kilichokatwa ni taya. Mikono ninayo.