Kipande cha Mgongo wa Mzee Muhdhar

Wasikilizaji wapendwa, alasiri moja mwaka juzi, msichana asiyejulikana alisimama mlangoni mwa duka la viungo kule Tandika, Temeke. Akamuulizia Mzee Muhdhar kwa majina yake yote matatu. Bi Thuraya, mkewe, alikuwa akipima karafuu. Aliufunika mzani kwa kanga kabla ya kuitikia shikamoo.

Majina yote matatu ya mumewe yalijulikana msikitini na hospitalini tu. Huyu alivaa msalaba shingoni.

Mzee Muhdhar, tunayemkumbuka leo, alikuwa amelala mkekani nyuma ya kaunta. Miaka thelathini alibeba mwenyewe magunia ya bizari na pilipili manga. Alikuwa akisema hamali hushusha gunia kama anayegombana nalo. Sasa mguu wa kushoto ulimwaka moto, kuanzia kiunoni hadi kisigino. Wiki iliyofuata angepasuliwa mgongo.

Msichana aliitwa Clara, mtafiti wa maabara; majina ya mzee alipewa hospitalini. Alieleza kwamba kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna kitu laini kama mto. Ndani yake zimo seli zinazoutunza. Mto ukichakaa, seli hizo hutoa kemikali zinazoleta uvimbe, kama ule wa kidole kilichochomwa na mwiba. Uvimbe nao huzidhoofisha seli zilezile. Seli zikidhoofika, uvimbe unazidi. Uvimbe ukizidi, seli zinakufa. Clara alitaka kujua kama mzunguko huo unaweza kukatwa. Aliomba kipande ambacho daktari angekitoa na kukitupa.

Bi Thuraya aliuliza nani ananunua. Akamwambia aache mkoba wake nje, barazani. Akampigia simu binti yao, Khulud, aje upesi, kuna mtu anatafuta nyama ya baba yake.

"Nyama?" Mzee Muhdhar alicheka huku ameshika kiuno. "Bibi wee, mgongo huu umeshindwa kubeba kilo mbili za tangawizi. Atakayeununua hajui biashara."

Alikubali kusaini fomu ya ridhaa. Bi Thuraya alikataa mpaka apewe ahadi. Kwao, kinachokatwa mwilini mwa mtu huzikwa.

"Utakirudisha chote," alisema.

Clara angeweza kuitikia tu, akaondoka zake. "Siwezi kusema chote, mama. Kingine kitaisha kwenye vipimo. Kitakachobaki nitakileta mwenyewe, siku mtakayokitaka."

Jibu hilo lilimzidishia Bi Thuraya wasiwasi. Khulud anakumbuka: "Mama aliandika namba ya kitambulisho cha yule dada kwenye kalenda ya ukutani. Kila mwaka ulipoisha, aliihamishia kalenda mpya."

Mzee alipasuliwa, akapona, akatembea hadi sokoni bila fimbo. Mwezi uliopita homa ya mapafu ikamchukua. Mapafu, wasikilizaji, si mgongo. Daktari alilieleza hilo mara mbili. Bi Thuraya alisikia, lakini moyo ulikataa kutulia. Iweje kipande cha mumewe kiwe hai maabara, na mwenyewe yuko kaburini? Alimpigia Clara simu, akasema neno moja tu: "Kilete." Hakutegemea kumwona.

Seli za Mzee Muhdhar, zilizotunzwa hai kwenye vyombo vya maabara, zilikuwa bado zinalijibu swali la Clara. Dawa ya kutuliza uvimbe ilikuwa imeanza kuzipa nafuu, na vipimo vilibaki vya miezi mitatu. Msimamizi wake, Deogratias, alimkumbusha kuwa fomu haikutaja kurudisha kitu. Amtulize mjane kwa maneno mazuri. Akizitoa, kazi ya zaidi ya mwaka ingeanza upya kwa mgonjwa mwingine.

Kwa Bi Thuraya, Khulud na ukoo wote, tunawapa pole. Mungu amrehemu mzee wetu. Nawe unayetusikiliza, wafikirie wanaokuamini kwa mambo wasiyoweza kuyakagua wenyewe.

Clara alifika kesho yake baada ya simu ile, akiwa na kichupa chenye seli zote zilizobaki na karatasi yenye orodha ya kila kilichotumika. Bi Thuraya aliisoma mstari kwa mstari. Akauliza, akajibiwa. Kisha akatandika kitambaa cheupe, wakakifunga kichupa pamoja. Suleiman, mdogo wake marehemu, akakizika kando ya kaburi la kaka yake kabla ya adhuhuri. Clara akarudi maabara kuosha vyombo vilivyobaki vitupu.